Mbwa Aliyekatazwa Kuumia

Nchi yetu ipo, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yetu ilipelekwa kukaguliwa mwaka juzi, na mkaguzi hajarudi. Jueni tu kwamba ni nchi nzuri: ina bendera, ina wimbo, na ina mbwa wa mbio. Ni wale mbwa wembamba, miguu mirefu, tumbo limeingia ndani utadhani wamefunga mwezi mzima. Wanazunguka uwanja wakimfukuza sungura wa bati ambaye hakuna mbwa aliyewahi kumla. Kila Jumamosi nchi nzima huwa uwanjani. Asiyekuwepo hutafutwa, kwa sababu tunapendana.

Mimi ndiye mchora mistari. Cheo changu kamili ni Afisa Mwandamizi wa Chokaa, Tume ya Ustawi wa Mbwa wa Mbio. Kuna watu hucheka wakisikia. Wacheke! Bila mimi mbwa hajui aanzie wapi, wala Mlezi wa Taifa hajui apige makofi lini. Nasema haya mapema kwa sababu kuna watu midomo yao haina pazia, wanapita mitaani wakidai eti nilimfanyia ubaya Bi Sikudhani. Mimi! Niliyekula vitumbua vyake miaka kumi na mmoja! Haya, nisikilizeni, kisha mtaamua wenyewe, ingawa siku hizi kuamua kunahitaji kibali.

*

Zamani mbwa walikuwa wakiumia, sifichi. Mbwa akikata kona ya tatu kwa kasi, mguu ulikuwa unavunjika mara moja, na watu wa majukwaa ya chini wanausikia. Tulihuzunika, tukala karanga, tukangoja mbio za pili.

Kisha wakaja wageni kutoka nchi za mbali, wale ambao tukiwaudhi, wakubwa wetu hawapati usingizi. Wageni waliuliza swali moja tu: "Mbwa wenu mnawatunzaje?" Mlezi wa Taifa, ambaye hatumtaji jina, si kwa hofu bali kwa mapenzi, alikasirika sana. Wiki ile ile Tume ikaundwa, na Tume ikatoa Viwango vya Ustawi mia moja na tisa. Kiwango cha Kwanza ni kifupi, hata mtoto anakikariri: Ni marufuku mbwa kuumia.

Kamishna Mkuu, Bwana Pazi Mwinyigoha, mtu mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo, alituelezea uwanjani.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yanapunguza maumivu. Sisi hatupunguzi! Sisi tumeyapiga marufuku! Kuanzia leo saa sita mchana, mbwa atakayeumia atakuwa ameumia kinyume cha sheria. Na yeyote atakayemwona ameumia, atakuwa ameona kinyume cha sheria!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mwezi ule mbwa walioumia walikuwa sifuri. Wageni wakatuletea nishani, na Kamishna akaivaa yeye kwa niaba ya mbwa.

Ukaguzi nao ulifuata mila zetu. Mnajua kwetu mwari akiulizwa kama anamkubali mchumba, hajibu. Akinyamaza, amekubali, na shangazi anatoka nje akipiga vigelegele. Basi mkaguzi wa Tume alikuwa anachuchumaa mbele ya mbwa na daftari lake, anamwuliza kwa heshima: "Je, umeridhika na chakula? Umeridhika na malazi? Una lolote dhidi ya Tume?" Anahesabu mpaka tano. Mbwa kimya. Mkaguzi anaandika: Ameridhia.

Wachache walibweka, wakaharibu takwimu. Ndipo kikaja Kiwango cha Hamsini, kwamba wakati wa ukaguzi mbwa avalishwe kikapu cha kufungia mdomo, ili asikatizwe mawazo yake. Ridhaa ikapanda mpaka asilimia mia. Mwezi uliofuata ikafika mia na nne, kwa kuwa kuna mbwa waliulizwa mara mbili.

*

Mbwa aliyechoka, nasema kuchoka, sijasema neno jingine, hupelekwa Mapumziko. Ni mahali nyuma ya kilima, na gari jeupe lisilo na madirisha ndilo linalompeleka. Hakuna mbwa aliyewahi kurudi, jambo linaloonyesha wazi kuwa huko kunapendeza.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, tena kwa upande wa kazi. Chakula cha mbwa wa Mapumziko hakijawahi kuagizwa, hata kilo moja. Kinachokwenda huko ni chokaa. Chokaa yangu! Mifuko kumi na miwili kila mwezi, wakati mimi hapa nabana ndoo kwa ndoo. Niliandika barua kuuliza wanachora mistari gani huko, na mvua ikinyesha nani anairudia. Kamishna Mwinyigoha akaniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Wewe ni mtumishi mwema. Endelea kutojua." Nilitoka nimefurahi. Sijawahi kusifiwa na mkubwa kiasi kile.

*

Sasa Bi Sikudhani. Alikuwa mtunzaji wa mbwa, banda namba sita. Mjane, mfupi, sauti ya kukwaruza, na ulimi wake ukikugusa unatafuta maji ya kunywa. Kila asubuhi nikichora mistari alikuwa ananiletea vitumbua viwili kwenye karatasi, huku ananisuta: "Kula, mwanangu, usije ukaanguka ndani ya hiyo ndoo tukakosa wa kuchora."

Mbwa wake aliitwa Sindano, wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika ncha. Mama yake Sindano alikufa akizaa, na Bi Sikudhani ndiye aliyemnywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, tone kwa tone, mwezi mzima. "Wanangu wote wamekwenda kutafuta maisha," alikuwa akisema. "Huyu ndiye aliyebaki kunisikiliza." Na kweli alikuwa anamsikiliza. Ungemkuta Bi Sikudhani amekaa kizingitini anachambua mchele, anamsema Kamishna kuanzia kofia mpaka soksi, na mbwa amekaa mbele yake ametega sikio lile zima.

Jumamosi moja Sindano alikuwa anaongoza. Akafika kona ya tatu, tukasikia ko! Kisha akalia. Nimewahi kusikia mbwa wakilia, lakini ule mlio uliniingia kwenye meno. Mimi nilikuwa hatua saba kutoka pale, nikawa na shughuli ya kutazama kama chokaa imekauka. Watu elfu thelathini walitazama viatu vyao. Sijawahi kuona taifa linapenda viatu namna ile. Bendi ikaamriwa ipige.

Bi Sikudhani aliingia uwanjani mbio, kanga imemvuka begani, akapiga magoti. "Mguu umevunjika! Jamani! Hamuoni mguu wa mnyama umevunjika?"

Hakuna aliyeona. Sisi ni raia wema.

*

Daktari wa uwanja aliitwa Lugendo, mtu mpole, bingwa wa uchovu. Mbwa akiletwa na mbavu zimeingia ndani, Daktari Lugendo anaandika: Amechoka upande wa kushoto. Gari jeupe linakuja, kila mtu anakwenda kula. Nilikuwepo chumbani kwake siku ile, nilifuata dawa ya mikono, maana chokaa inachubua.

"Ukiandika amechoka, wanamchukua," Bi Sikudhani alimwambia. Mbwa alikuwa mezani, anatetemeka. "Lakini kipo Kiwango cha Tisini. Nimekisoma mwenyewe, macho bado ninayo. Kinasema mbwa aliyeumia, daktari akithibitisha, mtunzaji wake ana haki ya kumtibu nyumbani."

"Mama," Daktari alisema taratibu, "kile tulikiandika kwa ajili ya wageni wakisome. Hakuna aliyewahi kukitumia."

"Basi mimi ndiye wa kwanza. Daktari, nakuomba. Sina mwingine."

Daktari Lugendo alisimama kimya. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu moyoni, maana ndiyo mazoea. Nilipofika ishirini akashika kalamu, akaandika: Mguu wa mbele wa kulia umevunjika mahali pawili. Ameumia mbioni. Akatia sahihi. Kisha akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati, akanipa mimi kalamu. "Chukua, Afisa. Mimi naona kazi ya kuandika nimemaliza."

Kesho yake akapewa mapumziko. Alikuwa na miaka thelathini na minane, umri mzuri tu wa kustaafu. Wiki ile walichukua mfuko mmoja zaidi wa chokaa.

*

Bi Sikudhani akaitwa mbele ya Tume. Nami nikaitwa kushuhudia, kwa kuwa kalamu ilikutwa kwangu.

"Mama," Kamishna alianza kwa upole wa kutisha, "swali ni dogo. Mbwa ameumia, au hajaumia? Fikiri kabla ya kujibu. Ukisema ameumia, Kiwango cha Kwanza kimevunjwa mbele ya Mlezi wa Taifa, naye hajaona kitu kama hicho, kwa hiyo unasema Mlezi wetu haoni. Ukisema hajaumia, ni mzima, na mbwa mzima hukimbia. Jumamosi ni Siku ya Ustawi. Wageni watakuja."

Bi Sikudhani alinyamaza. Karani wa Tume akainua kalamu. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne..."

"Acha kunihesabia!" mama akafoka. "Mimi si mwari wala si mbwa! Kwanza niambieni, Daktari yuko wapi?"

"Anapumzika."

"Analala wapi? Nimpelekee shuka. Kuna baridi nyuma ya kilima."

Kamishna akanywa maji, akafuta midomo. "Hahitaji shuka."

Bi Sikudhani alishika ukingo wa meza. Nadhani alipiga hesabu kwamba, akikana kile alichoandika Daktari, huenda Daktari atasamehewa. Akasema kwa sauti ndogo, "Andikeni hajaumia. Atakuja Jumamosi. Ila Daktari mwachieni."

"Tumwachie?" Kamishna alishangaa kwa dhati. "Mama, wewe mwenyewe umesema mbwa hajaumia. Basi Daktari aliandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Umetusaidia sana. Tulikuwa hatuna shahidi."

Alikaa pale muda mrefu asiseme neno. Safari hii karani hakuhesabu, maana jibu alikuwa nalo.

Tulipotoka nilimfuata kwenye ngazi. Roho iliniuma, sisemi uongo. Nikamwambia, "Bi Sikudhani, mwache tu aende. Mbwa ni mbwa."

Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Na wewe ni nini, mwanangu?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania kama kawaida.

*

Siku ya Ustawi jua lilikuwa kali. Wageni walikaa chini ya hema, kila mmoja na kitabu cha Viwango mapajani, kimetafsiriwa vizuri na kina picha. Mbwa watano wakaingia kwenye vizimba vyao. Kizimba cha sita akaingia Bi Sikudhani.

Sindano alikuwa mikononi mwake, amevaa jezi. Mguu ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kanga na miko miwili ya kusongea ugali. Tume haikupata muda wa kuzuia. Kengele ikalia, sungura wa bati akachomoka, mbwa watano wakaondoka, na baada ya nusu dakika wakawa wamemaliza. Ndipo mama akatoka kizimbani, akaanza kutembea.

Alitembea kama mtu anayekwenda sokoni na mzigo. Kichwa cha mbwa kiliegemea begani kwake. Mtu mmoja jukwaani alicheka, akajikuta peke yake, akaacha. Mgeni mmoja aliuliza, akaambiwa ni ngoma ya asili, akapiga picha.

Mwanasheria wa Tume akainama sikioni kwa Kamishna, nami nilikuwa karibu. "Mheshimiwa, mbwa hakimbii. Anayekwenda ni mwanamke, tena ametokea kizimbani kihalali. Kwa hiyo mkimbiaji ni yeye, na yumo chini ya Viwango."

"Vyote?"

"Vyote. Mpaka avuke mstari wa kumalizia. Akishavuka, mbio zimekwisha kwake, na Viwango haviongei tena juu yake."

Kamishna alifurahi, akatoa ishara. Kipaza sauti kikatangaza: "Namba sita, Sikudhani, anaendelea vizuri." Na gari jeupe likaja kinyumenyume, polepole, likasimama mita mbili kupita mstari wangu wa kumalizia, milango yote miwili ikafunguliwa. Ndani hamkuwa na kiti.

Mama alipotoka kona ya mwisho, aliliona. Hakusita. Alitembea moja kwa moja mpaka hatua moja kabla ya mstari, akakunja miguu, akakaa chini. Akamlaza Sindano mapajani, akaanza kumfukuza nzi.

*

Jamani, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kiwango cha Kumi na Mbili: Ni marufuku kumgusa, kumvuta wala kumpiga mkimbiaji kabla hajavuka mstari. Wageni walikuwa wamefungua ukurasa huo huo. Kiwango cha Sabini na Saba: Hakuna atakayesimama kitini mpaka wakimbiaji wote wamalize. Hicho kiliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanaondoka kabla ya hotuba ya Mlezi. Sasa Mlezi mwenyewe alikuwa amekaa, walinzi wamekaa, dereva wa gari jeupe amekaa.

Saa moja ikapita. Ya pili ikaingia. Mgeni mmoja aliuliza choo, akaambiwa vyoo viko baada ya mbio.

Na watu, kwa kukosa la kufanya, wakaanza kutazama. Viatu walikuwa wameshavitazama mpaka vimewachosha. Walimtazama mama, walimtazama mbwa, waliitazama ile miko. Mwanamke mmoja wa majukwaa ya chini akasema, si kwa kelele, kama mtu anayesoma kibao cha duka: "Mguu umevunjika." Jirani yake akasema, "Umevunjika." Lile neno likapanda ngazi, likahama jukwaa, likapita nyuma ya bendi. Watu elfu thelathini walikuwa wanaona kinyume cha sheria, wote kwa pamoja, na gereza letu ni la watu mia nane. Bi Sikudhani aliinua uso akasikiliza. Wallahi, alitabasamu. Nami moyoni nikasema, leo huyu mama anatushinda, na nilifurahi. Nilifurahi kweli, sijui kwa nini nawaambia.

Kamishna akaja kwangu akitambaa, maana kusimama kulikatazwa. Jasho lilikuwa limeloanisha nishani.

"Afisa Mwandamizi wa Chokaa." Siku zote alikuwa ananiita "wewe." "Mstari hauko mahali pake."

"Uko, Mheshimiwa. Nimeupima mwenyewe asubuhi."

"Upime tena." Akalitazama gari. "Wewe unaruhusiwa kusimama, kwa sababu za kikazi. Na lile gari, kama unavyoona, lina nafasi ya kutosha."

Nina akili ya kazi, nilielewa upesi. Nikachukua ndoo, fagio na brashi. Kutoka pale nilipokuwa mpaka kwa mama ni hatua thelathini na nne. Kila mtu alijua ninakwenda kufanya nini, na mimi nilijua wanajua, na hakuna aliyesema, "Wee, acha!" Mngesema, huenda ningeacha. Naapa huenda ningeacha.

Nilifagia mstari wa zamani. Sindano alinitambua, mkia ukapiga vumbi mara mbili.

"Ni wewe?" Bi Sikudhani aliuliza, hajageuka.

"Ni mimi, mama."

"Umekula?"

Nilizunguka nikapita nyuma yake, nikainama, nikachovya brashi. Nilichora kutoka ukingo mpaka ukingo, sentimita chache tu nyuma ya kanga yake. Nilipomaliza, aligeuza shingo akautazama.

"Umepinda," akaniambia. "Miaka yote hii unachora, leo ndiyo unapinda?"

"Samahani, mama."

"Usiniombe mimi samahani. Nyoosha."

Nikaufuta, nikauchora upya, na ulinyooka. Kengele ikalia. Kipaza sauti kikatangaza kwamba namba sita amemaliza mbio salama, bila kuumia. Wanaume wanne wakateremka kwenye gari jeupe, na sisi wengine wote tukapewa ruhusa ya kusimama. Tukasimama.